Mkono wa Mto Vesla

Haya, sogezeni viti, ngano inapita! Ipite tuione!

Huko Norwe kulikuwa na mto mdogo uitwao Vesla. Kando yake palikuwa na kinu cha kusagia nafaka, nyumba ya wageni na kanisa, na kote huko mfuaji alikuwa mmoja tu, mjane Gudrun. Mto ulipoganda, alitoboa barafu kwa shoka akafua papo hapo, maana nguo chafu hazingoji kiangazi.

Siku moja mkono wa kijani ukachomoza tunduni, ukanyakua shati la mwenye kinu. Siku ya pili ukanyakua shuka la nyumba ya wageni. Siku ya tatu ukashika joho la mchungaji.

"Hili hulipati!" Gudrun akafoka. Joho likipotea, nani atampa tena nguo za kufua? Akavuta, nao ukavuta. Akaudaka mkono wenyewe. Lo! Ulikuwa unatetemeka.

"Kumbe unasikia baridi! Mbona husemi?"

"Nani aliyewahi kuuliza?" sauti ikajibu kutoka chini.

Gudrun akatoa glavu yake ya sufu mfukoni, akauvisha. Mkono ukazama. Punde shati, shuka na joho vikatua juu ya barafu, vimekamuliwa barabara.

Kesho yake mkono ukachomoza tena, mtupu.

"Si nilikupa jana?"

"Jana ulikuja wa kulia."

Gudrun akacheka, akautolea glavu iliyobaki.

Tangu hapo Vesla huganda kote isipokuwa pale. Gudrun hufua kwa maji ya vuguvugu, na glavu nyingine hajanunua. Mimi niliondoka nikamwacha anaanika.