Mkate wa Mama Dhakwani

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa mpakani aliishi mjane mchamungu, Bi Unaisa. Mwanawe wa pekee, Dhakwani, alikwenda kulinda ngome ya mji, na siku moja akarudishwa maiti pamoja na wenzake.

Wenzake walikuwa na majeraha ya vita, wakazikwa na nguo zao bila kuoshwa, kama ilivyo sheria ya shahidi. Dhakwani alikufa kwa homa. Mwilini alikuwa na kidonda kidogo tu, mguuni. Waoshaji walipouliza ni cha nini, jirani yake Bi Raihana, ambaye naye alikuwa amefiwa na mwana vitani, alimwonea huruma akamnong'oneza: "Dada, sema ni mshale. Nani atakupinga?"

Bi Unaisa alitamani, wallahi alitamani. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kisha akasema: "Huo ni mwiba wa mkomamanga wangu. Ulimchoma alipokuja kunijulia hali, na mimi ndiye niliyeutoa. Mwosheni mwanangu."

Akaoshwa, akakafiniwa, akazikwa.

Ada ya mji ule, ngano mpya ikivunwa, mkate wa kwanza hupelekewa mama wa shahidi. Mavuno yalipofika, Bi Unaisa hakukaa nyumbani kununa. Alioka wake, akajitwisha, akaenda kwa Bi Raihana. Njiani moyo ulimuuma, hatufichi, ila hakurudi nyuma.

Akamkuta amiri wa ngome amekuja kuwapa pole wafiwa.

"Mkate huo wa nani, mama?"

"Wa mama wa shahidi. Mimi wangu, Dhakwani, aliugua tu."

Amiri akainuka. "Dhakwani? Aliugulia juu ya ukuta, mvuani, akiwashikia zamu majeruhi. Tulimsihi ashuke, akasema, 'Waacheni walale.' Mama, wewe hupeleki mkate. Wewe unapelekewa."

Bi Raihana, huku machozi yakimtoka, akaumega mkate alioletewa yeye na watu wa mji, akamlisha jirani yake kwa mkono wake. Na ule wa Bi Unaisa nao haukusalia. Walikula, wakalia, wakacheka, mpaka ikaadhiniwa alasiri.

Ndugu zangu, lau angesema ni mshale, mkate angepata, lakini kila tonge lingemkwama kooni. Na maji ya kumwoshea maiti hayaoshi ujira wake. Mola awarehemu waliokesha ili sisi tulale, amin.