Mfuko Ulioshonwa Mdomo

Ndugu zangu, kabla sijawakemea, nijikemee mwenyewe. Nimezunguka nchi nyingi, na bado nimewahi kushuka kwenye theluji nimevaa kandambili, koti liko begini, na begi liko nchi nyingine. Kwa hiyo leo tuyaache ya kwangu. Nawaletea mama mmoja aliyejua kufungasha.

Alikuwa mwalimu mstaafu, anakwenda ng'ambo kumwona mjukuu wake wa kwanza. Begi lake ungelipenda. Dawa za presha aliziweka kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na karatasi ya daktari. Nakala moja ya pasipoti begini, nyingine kwa mwanawe. Anwani ya binti yake aliiandika kwa kalamu, maana simu huzimika. Akalipima begi, ikabaki nafasi ya kilo mbili, akatabasamu peke yake.

Nanyi mnajua kwetu: mtu akisafiri, nafasi ya kilo mbili mtaa mzima unaisikia.

Adhuhuri akabisha hodi rafiki yake wa kwaya, miaka ishirini wamesimama sauti ya pili pamoja. Mkononi ana mfuko wa kitambaa, umeshonwa mdomo kwa uzi.

"Mwalimu, ni unga wa ulezi tu. Kuna kijana wetu huko, atakuja kuupokea uwanjani."

Mwalimu akaupokea kwa mikono miwili, akauweka mezani, akachukua mkasi.

"Unafanya nini?"

"Nafungua, dada. Kila kinachoingia humu lazima nikijue."

Rafiki akasimama. "Miaka ishirini tunachangia kitabu kimoja cha nyimbo, leo unanipekua kama mwizi? Basi nipe unga wangu. Na Jumapili usikae karibu na mimi."

Mkasi ukawa mzito. Nani kati yetu asingeuweka chini? Mimi ningeuweka, tena ningeomba radhi na kumchinjia kuku. Kumkagua anayekupenda ni aibu, jamani. Lakini mwalimu akamfikiria yule mtoto ambaye hajambeba bado.

"Ukinuna, nitakuja kukubembeleza," akasema. "Mimi nikifungwa huko, utakuja na nini?"

Akakata uzi. Ulezi ukamwagika kwenye sinia, rangi ya udongo, safi kabisa.

"Haya, umeridhika sasa..." Rafiki hakumaliza. Katikati ya ulezi kulikuwa na vifuko vitatu vya nailoni, vimebanwa kwa gundi, na unga wa humo ulikuwa mweupe.

Najua mnachowaza: kumbe rafiki mnafiki. Hapana. Yule rafiki alikaa sakafuni.

"Mpwa wangu aliuleta umeshashonwa," akasema. "Kaniambia ulezi. Mtoto wa dada yangu, ningeanzaje kumfungulia mfuko?"

Wakaenda polisi wote wawili, mwalimu kamshika mkono mwenzake njia nzima.

Mmeona? Yule rafiki hakudanganya. Alikidhamini kwa moyo safi kitu ambacho hakukiona. Sisi tunawafungia milango waovu, tukidhani ndio watakaotuangamiza. Ule uvumi uliomharibia jirani jina, uliletewa na adui? Si mtu unayekula naye? Chuki ya ukoo wako, nani alikukabidhi? Na ule ujumbe wa simu uliowatumia watu arobaini, uliufungua ndani, au uliupokea umeshonwa, ukaupitisha kwa heshima? Wapendwa, heshima haijawahi kukataza kuuliza. Muulize mama, muulize rafiki, kwa upole, lakini uulize: humu mna nini?

Na mimi je? Kila wiki nawapa mfuko hapa, nanyi mnaitikia amina kabla sijaufunga. Leo mkifika nyumbani, kaeni na Maandiko, mkague nilichowapa. Mkikuta nimetia kitu kisichokuwamo, msikibebe. Nirudishieni Jumapili mbele ya watu wote. Aibu nitaiona mimi, nanyi mtafika salama.