Saa Arobaini za Sikudhani

Si zamani sana, Sikudhani aliuza ng'ombe wake akasomee kuendesha lori. Akakichagua chuo cha Bwana Chaurembo, maana kilimwahidi saa arobaini kwenye usukani. Akapewa sita.

"Na saa zangu nyingine, bwana?"

"Za nini, wakati umeshaiva? Chukua cheti. Hata mteremko mkali wa Kitonga utaushuka umefumba macho."

"Kweli, bwana?"

"Naapa!"

Sikudhani akapiga goti, akashukuru, akaenda zake.

Kesho yake asubuhi lori la mahindi likasimama mlangoni pa chuo. Dereva wake akashuka, Sikudhani akapanda kwenye usukani.

"Bwana, nimekuja kukuaga. Nimepata kazi, tunashuka Kitonga."

"Safari njema, mwanangu. Na huyo uliyempakia ni nani?"

Bibi mmoja akachungulia dirishani. Chaurembo akapiga magoti vumbini.

"Shikamoo, mama!"

Alikuwa mama mkwe wake, mwenye mahindi.

"Marahaba, mkwe wangu. Binti huyu kasema umemwapia kuwa kaiva. Nikasema, aliyemwoa mwanangu haapi uongo. Au siyo?"

Chaurembo akainuka, akaushika mlango wa lori. Amwambie mkwewe kuwa aliapa uongo, au amwache aende kaburini?

"Kaiva, mama, kaiva! Ila hapa chuoni, mwanafunzi hodari huongezewa saa thelathini na nne. Bure kabisa! Zinaanza leo."

Sikudhani akazima injini.

Mama mkwe akavua viatu, akajiegemeza kitini.

"Vizuri, baba. Basi nami nitakaa humuhumu, nizihesabu."