Askari Kanzu Nyumbani kwa Kindi

Zamani zile za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakifunga milango yao kwa komeo, kapu la sita la karanga lilitoweka ghalani kwa Jumbe Nyati. Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya tatu ya mavuno.

Nyati akapiga kwato chini, tii! tii!

"Ni Kindi tu! Lakini nani amemwona?"

Hakuna aliyemwona. Akamwita Nguchiro, askari wake.

"Vua mkanda. Kuanzia leo wewe ni askari kanzu. Kaishi kwa Kindi, uone kwa macho yako, uje useme barazani."

"Kwa nini mimi, Mheshimiwa?"

"Koo zenu ni watani. Nani mwingine ataingia kwake bila kuulizwa?"

Nguchiro akaenda. Kindi alipomwona akacheka, kwi kwi kwi!

"Karibu, mla nyoka we! Siku utakayokufa nitalala kaburini mwako mpaka wanipe jogoo!"

"Utatangulia wewe, mkia kama ufagio wa chooni!"

Kesho yake Nguchiro alimwona Kindi akichomoka nyuma ya ghala, chupu! na kapu mgongoni. Kazi ilikuwa imekwisha. Lakini siku hiyohiyo homa ikamwangusha. Kindi akamkorogea uji wa karanga, akamkanda kwa maji ya moto.

"Kunywa, maiti we!"

Nguchiro akanywa, siku nne. Akapona, lakini hakutulia. Akikaa, anasimama. Akifika mlangoni, anarudi.

"Una nini, mtani? Umekalia siafu?"

"Sina kitu."

Alikuwa nacho. Jumbe alikuwa ameapa kumkata mwizi mkia, na kindi asiye na mkia huanguka kutoka kila tawi.

Siku ya baraza Kindi aliletwa amefungwa kamba. Nguchiro akasimama mbele amevaa mkanda wake. Kindi akautazama mkanda, halafu akamtazama yeye.

"Kumbe," alisema.

"Askari!" Nyati alinguruma. "Ulimwona akiiba?"

Nguchiro akapima maneno. Akisema hapana, amemdanganya jumbe ambaye yeye mwenyewe alimwapia utii. Akisema ndiyo, mkia umekwenda. Akamnyooshea Kindi kidole.

"Nilimwona, Mheshimiwa! Jizi hili! Limeiba karanga, limeiba ghala, na hizo pembe zako limekuazima tu!"

Baraza zima likaangua kicheko. Kobe, msimamizi wa mila, akainua shingo.

"Jumbe, askari huyu ni nani kwa mshtakiwa?"

"Mtani wake! Ndiyo maana nikamchagua mwenyewe!"

"Basi neno la mtani juu ya mtani wake ni mzaha. Halimfungi mtu, hata likiwa kweli. Una shahidi mwingine?"

"Sina," alisema Nyati. "Mfungueni!"

Kindi akafunguliwa. Nguchiro akavua mkanda, akautupa miguuni pa Nyati, akamkimbilia mwenzake.

"Mtani! Ningoje!"

Kindi akageuka. "Nashukuru, Bwana Askari," akasema kwa adabu.

Adhuhuri ile alivuka mto na mkia wake mzima, na upande huu hajaonekana tena.

Wanangu, ukila kwa mtu huku unampeleleza, waweza kumwokoa na bado ukampoteza.