Alama Themanini za Kindi

Hapo kale, kale ambayo bado ina joto lake, wanyama walipokuwa na nyumba za mabati, vitambulisho na midomo ya kulalamikia baraza, palikuwa na mji uitwao Matopeni. Sogeeni karibu. Na wewe uliyeshika simu, iweke mfukoni, hadithi haina chaja.

Mtaa wa juu wa Matopeni walikaa wazito: Kiboko, Kifaru, Nyati na jamaa zao. Mtaa wa chini walikaa wadogo: panya, kware, nungunungu, digidigi na kindi. Wadogo walikuwa na shida moja iliyowanyima usingizi. Njia yao ya kwenda mtoni ilikuwa imejaa mitego ya waya ya wawindaji. Kila mwaka baraza la mji liliahidi kuing'oa. Kila mwaka baraza likanunua viti vipya.

Basi kulikuwa na kijana Kindi, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa mdomo. Alikuwa amerudi kutoka chuo kikuu, miaka minne kamili, na degrii iliyofungwa kwa utepe mwekundu. Miezi mitatu aliandika barua za kazi. Kazi ilikataa kumwandikia yeye.

Siku moja akasikia kiti cha udiwani cha mtaa wa chini kiko wazi.

"Hii ni yangu!" akasema. "Nikiingia barazani, wiki ya kwanza mitego yote chini. Mark my words!"

Na alimaanisha. Hilo mlishike, maana kuna wanaoahidi hivyo huku wakipima suti.

Lakini Matopeni huwezi kugombea hivi hivi. Lazima kamati ya chama ikuidhinishe. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Kiboko, katibu alikuwa Kifaru. Kindi akaenda, shati limepigwa pasi, degrii kwapani.

"Kisomo?" akauliza Kiboko.

"Degrii ya utawala wa miji, Mheshimiwa. Second class, upper division."

"Uzoefu?"

"Uzoefu ndio nautafuta, Mheshimiwa."

"Ho! Ho! Ho!" Kiboko akacheka mpaka kiti kikalia kwi-kwi-kwi. "Kijana, sisi tunataka damu changa. Damu changa kabisa! Yenye uzoefu wa miaka ishirini."

"Sasa mzee, nitaupata wapi uzoefu na hakuna anayenipa kazi?"

"Hilo swali zuri. Katibu, liandike."

Kifaru hakuliandika. Akasukuma mezani gamba refu la mgomba lililokaushwa.

"Sheria yetu unaijua?" akasema. "Alama themanini. Unakwenda mlango kwa mlango. Mwenye nyumba anachovya mguu wake wa mbele wa kulia, ndege mguu wake wa kulia, kwenye masizi, anakanyaga hapa, unaandika jina lake. Siku tatu. Alama moja ikiwa ya uongo, zote zinatiwa moto."

Kindi alipotoka tu, Kiboko akamnong'oneza mwenzake, "Themanini hafikishi. Kiti ni cha shemeji yangu Nyati, mwambie aanze kunyoa ndevu."

Siku ya kwanza Kindi akabisha hodi kwa Nungunungu.

"Karibu, mwanangu! Keti. Unakumbuka paa langu? Sasa linavuja pande mbili..."

Nungunungu akazungumzia paa mpaka saa sita. Kindi akapata alama moja. Akaenda kwa Panya Buku, huko akakuta ugomvi wa posa, akatiwa uji, akafanywa mwamuzi. Alama ya pili akaipata jua likielekea kuzama.

Akarudi nyumbani amenuna. Mama yake alikuwa jikoni anamenya mihogo.

"Alama ngapi?"

"Mbili! Mama, huu mfumo ni outdated kabisa. Kila mtu ana stori. Nimeenda kuomba alama, napewa historia ya mabati!"

"Hiyo ndiyo kazi yenyewe, baba. Ulidhani diwani hufanya nini?"

"Diwani hutunga sera, mama."

"Haya, Bwana Sera. Kesho uamke mapema, mtaa bado mrefu."

Kindi alikuwa anautazama muhogo. Mweupe, mgumu mkononi, laini kwa meno. Akachukua kipande. Kwaru, kwaru, kwaru! Akageuza. Kwaru, kwaru! Akachovya kwenye masizi ya sufuria, akagandamiza. Pa!

Wayo wa kware, kucha tatu mbele, moja nyuma. Safi kama wa kware mwenyewe.

"Hicho nini?" mama akauliza.

"Hicho ni Kware wa nyumba ya tatu."

"Na Kware yuko wapi?"

"Yuko mkononi mwangu. Mama, usinitazame hivyo. Wale wazee wa juu hawawezi kumtofautisha panya na kunguru. Nani atawaambia? Na nia yangu ni njema, wewe unajua. Mimi hawa watu wa mtaa nimekua nao, nawajua kwa majina. I know my people!"

Mama akaweka kisu chini. "Kuwajua majina," akasema polepole, "hata daftari linawajua majina."

Akatoka nje. Kindi akaendelea. Kwaru, kwaru, pa! Panya kumi na mmoja, pa! Sungura wa kisimani, pa! Digidigi, kwato mbili ndogo zilizochongoka, akazichonga kwa ustadi mpaka akajipigia makofi. Siku ya pili mchana gamba lilikuwa limejaa. Siku ya tatu akalala mpaka saa nne.

Siku ya uamuzi uwanja wa chama ulifurika. Wazito walikaa ndani, kwenye viti. Wadogo walisimama nje ya ua, wakichungulia.

Kifaru, ambaye macho yake yalikuwa mabovu na hakutaka mtu ajue, akasogeza gamba mpaka likagusa pembe.

"Mmh. Huyu Sungura. Namjua huyu, kanyaga yake! Huyu Kware, hata baba yake alikuwa anakanyaga hivihivi. Mmh! Huyu namba arobaini na moja, Digidigi, Mama Dama. Tazama, Mwenyekiti! Mguu wa kulia, kamili, umetulia. Hii ndiyo alama bora kuliko zote."

Kiboko akaitazama kwa muda mrefu, kama anayeelewa.

"Nzuri," akasema, uso umemshuka. "Nzuri sana. Themanini zimetimia?"

"Themanini."

Nyati akashika kidevu chake alichokinyoa. Nje ya ua wadogo wakaanza vigelegele. Kindi akaifungua hotuba yake, kurasa sita, akasafisha koo.

"Muhuri," akasema Kiboko kwa shida.

"Hodi, wazee wangu."

Sauti ilikuwa ndogo, kwenye lango. Aliingia Digidigi mzee kidogo, amejifunga leso iliyomfunika mpaka chini, anatembea kwa kuchechemea, tka, tka, tka.

"Samahani kwa kuwakatiza. Nimesikia kijana wetu anahitaji alama. Nilimngoja siku zote tatu, nikampikia na viazi, hakufika. Si kosa lake, nyumba yangu iko mwisho kabisa. Nikasema basi, nije mwenyewe."

Kindi akahisi shati linambana.

"Jina?" akauliza Kifaru.

"Mama Dama."

"Mama Dama, mbona umo tayari kwenye gamba! Namba arobaini na moja. Mguu wa kulia."

"Wa kulia?"

"Wa kulia, kamili. Ndiyo alama bora kuliko zote."

Mama Dama akamtazama Kindi. Hakuonekana kukasirika, alionekana anatafuta namna ya kumwokoa na haioni. Mwishowe akaifungua leso. Mguu wa mbele wa kulia uliishia juu ya goti. Kilichobaki kilikuwa kigutu, na kovu la waya limekizunguka.

Wadogo wakajibana kwenye ua wapate kuona.

"Nilikuja kuomba kama mnaweza kunipokelea wa kushoto," akasema.

"Mama..." Kindi akaikunja hotuba yake. "Lini?"

"Mwaka juzi. Njia ya mtoni. Mama yako ndiye aliyeniuguza."

"Hakuniambia."

"Ulimuuliza?"

Basi hapo ndipo Kiboko akapata kicheko chake. "Ho! Ho! Ho! Msomi! Degrii ya kughushi nyayo! Katibu, moto!"

Kifaru akalitupa gamba kwenye jiko la chai. Chaaa! Alama zote themanini zikaondoka na moshi, pamoja na zile mbili za kweli.

"Wazee," akasema Mama Dama, "na nyinyi mnacheka nini? Mmeitazama hiyo alama asubuhi hii. Mmesema ndiyo bora kuliko zote. Hakuna hata mmoja wenu aliyejua mguu wangu haupo?"

Kikohozi kikamshika Kiboko ghafla.

"Kikao kimefungwa," akasema. "Nyati ameidhinishwa."

Nje, wadogo walitawanyika. Nungunungu alipita karibu na Kindi bila kumtupia hata neno, na Nungunungu, kama mlivyosikia, si mtu wa kukosa maneno.

Kindi akamfuata Mama Dama mpaka wakafika njia panda.

"Mama, nilitaka kuing'oa mitego. Haki ya Mungu. Hiyo tu ndiyo niliyotaka."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nilitembea kuja."

"Sasa je?"

"Sasa ni Nyati. Miaka mitano." Akajifunga leso yake vizuri. "Hebu nipishe, nina maji ya kuteka kabla jua halijawa kali."

Akashuka njia ya mtoni, polepole, akipima pa kukanyaga kila hatua. Kindi akasimama pale akimtazama mpaka alipopotea kwenye kona.

Nami nawaachia hili moja: ukiwahadaa wakubwa kwa majina ya wadogo, watakaoumia ni wadogo.