Mtoto Aliyekataliwa Kliniki

Leo nazungumza juu ya wivu, na tafadhali usimgeukie aliyekaa pembeni yako. Nazungumza na wewe.

Palikuwa na kina mama wawili waliopanga nyumba moja, mlango kwa mlango. Walijifungua wiki moja, kila mmoja mtoto wa kike. Na mnajua kina mama wakishakuwa mashoga: sikukuu ikikaribia wananunua kitambaa kimoja, wanashona sare, wao na watoto wao. Ukipita pale uani hujui yupi wa nani.

Watoto walipotimiza miaka miwili, wakaja wataalamu kwenye kliniki ya mtaa na chanjo mpya iliyokuwa bado kwenye majaribio. Wakawaita wazazi, wakasema wazi: hii bado tunaichunguza, inaweza kuleta homa, hakuna anayelazimishwa, na ukitaka kumtoa mwanao siku yoyote unamtoa. Wakauliza habari za kila mtoto, tangu kuzaliwa kwake. Mwisho, mtoto wa mama wa kwanza akakubaliwa. Wa mama wa pili akakataliwa, kwa sababu aliwahi kushikwa na degedege. Sababu hiyo waliambiwa wote wawili, lakini moyo ukishaumia, masikio nayo hayasikii.

Ndugu zangu, wivu ulimkaba yule mama! Siku ya sindano gari linakuja kumchukua shoga yake mlangoni. Jioni mhudumu anakuja kumpima mtoto joto, anauliza amekula, amecheza, amelala vizuri? Na yeye yuko uani anafua, anasugua mashati mpaka vifungo vinang'oka.

"Wangu ana ukoma?" anajisemea. "Wa kwake ana nini ambacho wangu hana?"

Basi yule mama wa kwanza akapata msiba, amefiwa na mama yake kijijini. Akamwita mwenzake huku analia.

"Shoga, nakuachia mwanangu. Na kesho ni siku yake ya sindano. Nimeshawapigia simu kliniki, nimewaambia utampeleka wewe."

"Nenda ukazike, shoga yangu. Wako si wangu?"

Mmesikia maneno matamu hayo? Kesho yake gari lilipopiga honi, mtoto wa shoga akaachwa kwa mama mwenye nyumba. Yule mama akamvalisha wa kwake ile sare, akachukua kadi ya mwenzake, akapanda. Kliniki kumejaa, nesi mwenyewe mgeni, ndiyo kwanza ameanza kazi. Akauliza, "Huyu ndiye?" Akajibiwa, "Ndiye." Mtoto akachomwa sindano.

Niambieni, mama huyu alimpenda mwanawe au hakumpenda? Alimpenda! Ndiyo maana habari hii inanitisha.

Jioni mhudumu akabisha hodi. Yule mama akamtoa mtoto wa shoga yake. Akapimwa, hana joto. Anakula? Anakula. Anacheza? Mwenyewe unamwona. Na nyuma ya pazia, hatua chache tu kutoka pale, mwanawe mwenyewe alikuwa anawaka homa, na hakuna aliyekuja kumwuliza hali yake. Sindano alikuwa ameiiba, ila wale waliokuja kumwangalia mtoto walikuja kwa ajili ya mwingine.

Angesema neno moja tu. Lakini aibu! Mtaa mzima utajua, na shoga yake yuko msibani. Akamshukuru mhudumu. Mhudumu akavaa viatu, akaaga, akafika getini. Ndipo kitanda kikaanza kugonga ukuta. Yule mama akachungulia, akaona mwanawe anatikisika, macho yamegeuka. Akatoka mbio bila viatu, na khanga imemdondoka njiani.

"Baba, rudi! Siye huyo! Nimekudanganya, siye huyo!"

Mhudumu akarudi mbio, wakamkimbiza kliniki, na mtoto akapona, Mungu ashukuriwe. Ila nusura afe. Mtoto alipotulia, daktari mkuu wa majaribio yale, mwanamke wa makamo, akaja kukaa kitandani karibu na yule mama.

"Daktari," mama akasema, "nilidhani mmemdharau mwanangu."

"Mama, katika mtaa wenu wote hakuna mtoto niliyemhofia kama wako. Ndiyo maana nilimkataa." Kisha akasema, "Na sisi tumekosa. Nesi alipaswa kuhakikisha ni mtoto gani kabla ya kumchoma. Nimeshawaarifu wanaotusimamia, na kazi tumeisimamisha mpaka waseme wao."

Mnataka kujua shoga yake alisema nini aliporudi? Hayo mkaulizane nyumbani.

Mimi naona wivu wa aina mbili katika habari hii. Mama alikuwa na wivu wa kutaka cha mwenzake. Daktari alikuwa na wivu wa kumlinda mtoto asiye wake, mpaka akajishtaki mwenyewe. Sisi tunao upi? Atakayetaka kumgusa mwanao bila kukueleza, bila mtu wa kumsimamia, mfukuze, nami nitakuja kukusaidia kumfukuza. Lakini aliyekuuliza maswali mengi mpaka ukachoka, kisha akakuambia "wako hapana", mbona huyo ndiye tunayemnunia?

Mara ngapi tumemnunia Mungu hivyo hivyo? Mlango umefunguliwa kwa jirani, kwetu umefungwa, tunasema ametusahau. Tunatafuta kadi ya mwenzetu tuingilie. Na tukishaingia na jina lisilo letu, tunapougua tunaona haya hata kuita.

Kama yupo hapa aliyeingia mahali kwa jina lisilo lake, mhudumu bado yuko getini. Toka hata bila viatu, umwite.

Haya, simameni tuombe. Mwenye mtoto, mwache kwanza. Mshike mkono mtoto wa jirani yako, yule yule unayemwonea wivu, umwombee huyo.