Koti Lililoinamisha Bega

Hebu niambie, mwanangu, ukisukuma komeo la mlango jioni, humfungia nani nje? Na una hakika ni nani uliyejifungia naye ndani?

Alikuwapo sajini mmoja mstaafu aliyeogopa wezi kama paka aogopavyo maji. Chumba cha nyuma alikitia vyuma dirishani na makufuli mlangoni, kwa kuwa humo alihifadhi kumbukumbu zake za vita: kofia za chuma, nishani zilizofungwa kwa kitambaa cha flana, na makoti ya wenzake waliokufa bila ndugu wa kuyapokea, yamening'inia yakinuka kafuri kama watu waliosimama foleni. Katika kikosi chao kulikuwa na mwiko: mfuko wa marehemu hautiwi mkono. Mwenzao akifa, mifuko yake ilishonwa pamoja na vilivyomo, basi.

Mkewe ndiye aliyefagia humo. Koti moja, la rafiki mkubwa wa mumewe, lilimsisimua mwili. Kila alipolinyoosha kwenye kiango cha nguo, asubuhi alilikuta limeinamisha bega la kulia, mithili ya mtu anayetega sikio. Chumba kimefungwa, upepo hakuna. Na siku hizi bega lilizidi kushuka.

"Sajini, lile koti linasogea."

"Linakusalimia. Itikia tu," mumewe akamtania.

"Na binti yetu akija na kichanga, watalala wapi?"

"Humo humo. Hakuna mahali salama kupita hapo."

Mke akaenda kutandika kitanda cha humo. Kumwambia ayatoe makoti kulikuwa kama kumwambia afukue makaburi.

Binti alifika mchana, akamlaza mtoto kitandani, chini ya yale makoti. Mama akawasha pasi, akisema moyoni: kama koti lile haliondoki, basi angalau lisiwe na mikunjo. Alipoliteremsha, koti lilimvuta upande wa kulia kama mtu asiyetaka kwenda. Uzi wa mfuko ulikuwa umeoza. Penye upenyo, pete ya chuma ilimtazama kama jicho.

Mke wa askari haambiwi pete ile ni ya nini. Alililaza koti sakafuni polepole, kama alazwavyo mgonjwa, akazima pasi.

"Mchukue mtoto," akamnong'oneza bintiye. "Toka, usikimbie."

Sajini akaja amenyoosha mkono. "Hilo ni la rafiki yangu."

"Usiguse. Toka."

Kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, sajini alitii amri.

Mtaalamu wa mabomu aliletwa kutoka kambini, akakaa ndani peke yake hadi vivuli vikarefuka. Alitoka jasho likimchuruzika. "Mzee, ni bomu la mkono, na lilikuwa bado hai. Nimeshalizima. Pini yenye ile pete imeliwa na kutu, imebaki kama unywele. Kishindo kidogo tu..." Alikuwa akimtazama mtoto.

Sajini aliketi chini. "Nilifunga kila tundu, mke wangu. Mwizi angepita wapi?"

Mkewe alimpakata mjukuu. "Sasa nisikilize, Baba. Tangu ulete koti la kwanza, nilitaka jambo moja nikashindwa kulisema: chumba hiki kiwe cha walio hai. Wenzako wapeleke kambini, wakatunzwe na wanaojua. Mimi nataka kitanda cha mtoto. Umejilinda na wezi wa nje miaka yote, kumbe kikulacho ki nguoni mwako."